Krimu ya Jumapili

Madamu, mwenye mgahawa, hakuwahi kufika nyumbani kwa mfanyakazi wake hata mmoja. Kwa hiyo mke wa Shefu alipofungua mlango saa tisa na nusu mchana akamkuta amesimama kwenye ngazi, mkoba kwapani, anahema, alijua hapo hakuna jema. Mdomoni alikuwa na pini tatu. Tangu asubuhi alikuwa akishona sare za shule, na kile chumba, ambacho kilikuwa sebule yao, karakana yake na mahali pa kulala binti yao, kilijaa vipande vya kitambaa cha kijivu mpaka pa kukanyaga ukapatafuta.

"Karibu ndani, Madamu. Shefu bado hajarudi."

"Najua. Nimemtuma sokoni mimi mwenyewe."

Madamu hakukaa. Alifungua mkoba akatoa chupa ndogo, ya zile za jamu, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ndani mlikuwa na mchuzi wa kahawia, bado una uvuguvugu.

"Hii nimeikuta kwenye koti lake. Na si mara ya kwanza. Mlinzi wa jirani ananiambia kila siku mapumziko yakianza anatoka na chupa mbili, tatu. Mama, miaka kumi na minne nimefanya kazi na mumeo. Siagi ni yangu, nyama ni yangu, mvinyo ni wangu. Niambie tu, mnauza wapi?"

"Tunauza?"

"Au mnakula. Kwangu ni mamoja. Kesho nikiita polisi nisilaumiwe."

Mke wa Shefu alitoa pini mdomoni, moja moja. Nyuma ya cherehani yake, juu ya rafu, kulikuwa na chupa nne kama ile, zimeoshwa na kufudikizwa, na Madamu alikwisha kuziona. Mumewe alikuwa amemkataza asimwambie mtu, si ndugu, si jirani. Lakini neno polisi lilikuwa limeshaingia ndani ya nyumba na halikuwa na pa kutokea.

"Shefu si mwizi," alisema. "Hanusi."

"Hanusi nini?"

"Hanusi chochote, Madamu. Wala ladha haisikii."

Akaeleza. Ile homa ya miezi minne nyuma, iliyomlaza wiki mbili, iliondoka na pua yake na ulimi wake. Daktari alisema huenda vikarudi, huenda visirudi, akamwandikia dawa ya matone. Shefu alirudi kazini akawa anapika kwa macho, kwa masikio na kwa saa ya ukutani. Kitunguu alikijua kwa rangi, siagi kwa mlio wake kikaangoni, mkate kwa kuugonga chini. Kilichomshinda kilikuwa chumvi, na uchachu, na kujua kama kitu kimeanza kuharibika. Ndiyo maana ya chupa. Kila siku saa tisa na nusu alikuja nazo, mkewe akaonja, na binti yao Chiriku akitoka shule naye akaonja, huyu anasema chumvi bado, yule anasema ndimu imezidi, Shefu anaandika kwenye karatasi. Saa kumi na moja alirudi jikoni kurekebisha masufuria.

"Mimi ndiye ulimi wake, Madamu. Mimi na mtoto. Wateja wako wanakula ladha ya nyumba hii."

Sasa Madamu alikaa, juu ya rundo la sare, bila kuangalia.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Na Shefu akijua kwamba nimekwambia, atakufa."

"Simwambii," Madamu alisema. Aliinuka, akaiweka chupa kando ya cherehani. "Umefanya vizuri kunieleza."

Jioni ile mke wa Shefu alitaka kumwambia mumewe. Alimtazama akivua viatu, akasema kimoyomoyo, kesho. Kesho yake akasema vilevile.

*

Ijumaa Shefu aliingia nyumbani akiwa na uso ambao hawakuuona tangu homa.

"Jumapili tunakula kwa Madamu. Mimi na wewe. Mezani, kama wateja!"

"Jumapili si mnafunga?"

"Anatufungulia sisi. Anasema ni aibu, miaka kumi na minne na shefu wake hajawahi kukalia kiti chake. Mrefu ndiye atakayepika." Mrefu alikuwa msaidizi wake jikoni, mtu mzima wa watoto watatu, aliyeinama hata kwenye milango isiyohitaji kuinamiwa.

"Tusiende," mkewe alisema.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Sina nguo."

"Fundi wa nguo hana nguo! Wakisikia wateja wako watakuhama."

Chiriku, ambaye jina hilo alipewa kwa kusema kutwa, aliinua kichwa kutoka kwenye daftari. "Na mimi je? Si na mimi ni ulimi?"

"Wako unatosha," baba yake alimwambia. "Mtaa mzima wanaujua."

Wakacheka wote watatu, na mke wa Shefu akacheka kuliko wenzake, kwa sababu alikuwa ameanza kujisadikisha. Huenda Madamu ana moyo. Huenda hii ndiyo namna yake ya kusema nimeelewa, pikeni hivyohivyo. Usiku na mchana wa Jumamosi alitia mikono mipya kwenye gauni la zamani la dada yake, na kila aliposimamisha cherehani tumaini lile lilikuwa limepungua uzito kidogo.

*

Mgahawa ulikuwa na meza tisa tu, na watu walipiga simu wiki nzima kabla ili wawekewe nafasi. Mlango wa buluu, maua mekundu kwenye vyungu, mapazia ya lesi yaliyofika nusu ya dirisha, na kibao cheusi ambacho Madamu aliandika kwa mkono wake vyakula vya siku, Kifaransa juu na lugha ya watu chini. Kila kitu kilikuwa kidogo na kizuri, hata vijiko vya chumvi, ambavyo mtu angedhani ni vya wanasesere. Madamu aliwakalisha dirishani, akawasha mshumaa ingawa ilikuwa saa saba mchana.

Shefu alikuwa amevaa koti la harusi yao, likamcheza mabegani. Alizungusha macho chumbani kama mgeni.

"Kumbe taa hii inampiga mtu machoni," alisema. "Miaka yote hii hakuna aliyeniambia."

Mkewe alikuwa akihesabu uma. Kulikuwa na tatu. Alishika ule wa katikati, akauachia, akashika wa pembeni.

"Wowote, mama," Madamu alisema. Alikaa nao, lakini mbele yake palikuwa na glasi ya maji tu. "Leo hakuna anayekutazama."

Mrefu akatoka jikoni na mabakuli. Alikuwa na koti jeupe jipya, lenye safu mbili za vifungo, kama la Shefu.

"Hongera, mzee! Koti hilo limetoka wapi?"

"Madamu kanipa jana," Mrefu alisema. Aliweka bakuli la supu mbele ya Shefu bila kumtazama, akarudi jikoni haraka mpaka akapiga bega kwenye mlango.

Supu ya vitunguu ilikuja imefunikwa mkate na jibini lililochomwa likaganda ukingoni. Mke wa Shefu alipenya kwa kijiko, akapuliza, akameza. Hakusikia kitu. Ilikuwa kama maji ya moto yaliyooshewa vitunguu. Aliinua macho. Mumewe alikuwa anakula amefumba macho nusu, kama mtu aliye mbele ya chakula anachokipenda.

"Mrefu kaweza," Shefu alisema. "Vitunguu hivi vimekaa motoni saa nzima bila kukimbizwa. Unaiona rangi? Asali."

"Na chumvi?" Madamu aliuliza.

Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za watoto. Mke wa Shefu aliweka kijiko chini. Koti la Mrefu, maji matupu, mgahawa mzima umefungwa kwa ajili yao. Yote yalijipanga mbele yake kwa mpigo mmoja, akajua wameitiwa nini.

"Mimi mtu wa kula nyumbani," alidakia. "Ulimi wangu mzito. Mimi ningeomba chumvi kidogo."

Shefu hakusita hata nukta moja. Alicheka, akamgonga mkewe kidogo begani. "Nilikuwa nangoja nione kama utagundua. Humu chumvi hamna kabisa. Mrefu! Umeisahau?"

Madamu aliyaondoa macho yake kwa mume, akayapeleka polepole kwa mke, akayaacha huko.

Samaki wa siagi alikuja baadaye, na alikuwa mzuri, au mke wa Shefu alisema ni mzuri kabla hajaulizwa, kwa sauti, mara mbili. Shefu alizungumza kwa furaha. Alisimulia jinsi Madamu alivyomwajiri bila kumwuliza cheti, akamwambia tu amkaangie yai. Madamu alitikisa kichwa, akasema ndiyo, yai lile analikumbuka. Kisha akasukuma kiti.

"Mama, wewe si fundi? Njoo unipimie mapazia haya, yamechakaa."

"Tumalize kula kwanza, Madamu."

"Krimu ya maziwa na mayai bado inachomwa sukari juu. Dakika mbili tu."

Utepe wa kupimia ulikuwa tayari mfukoni mwa Madamu. Mke wa Shefu alisimama kwenye dirisha la pili, ameshika ncha moja, Madamu ameshika nyingine, na nyuma ya mgongo wake akasikia mlango wa jikoni ukifunguka, kibakuli kikiwekwa mezani, halafu kingine. Akasikia mumewe akigonga ngozi ya sukari kwa mgongo wa kijiko. Ilipasuka, kacha, na Shefu akaguna kwa raha. Mlio ule alikuwa bado anao.

"Ngapi hapo?" Madamu aliuliza.

"Tisini na mbili," alisema. Ilikuwa mia moja na kumi na mbili.

"Shefu, krimu vipi?"

"Krimu?" Shefu alikuwa ameshakula nusu. "Madamu, nitakwambia kweli. Mimi siku hizi naitia sukari kupita kiasi. Huyu bwana kaipatia. Utamu umetulia, haumrukii mtu. Mrefu, mkono wako umekomaa."

Mrefu alikuwa mlangoni mwa jikoni. Alichukua kitambaa begani akajifunika uso.

"Mama, kaa," Madamu alisema. "Onja na wewe."

Alikaa. Alipasua ngozi ya sukari, akachota kidogo, akatia mdomoni. Ilikuwa chumvi. Haikuwa chumvi ya mkono kuteleza. Ilikuwa chumvi tupu mahali pa sukari, ikamkamata koo, na taya zikajifunga zenyewe. Mbele yake mumewe alikuwa akitabasamu, anamngoja naye asifu.

Akameza.

"Tamu," alisema. "Kama alivyosema."

Akachota cha pili. Akachota cha tatu, kijiko kimejaa, akajikaza kisabuni, akameza. Machozi yalianza kumtoka bila yeye kulia. Cha nne. Tabasamu la Shefu lilikaa usoni kidogo zaidi, kisha likaanza kuporomoka. Miezi minne, kila alasiri, alikuwa ameusoma uso ule juu ya kijiko. Alijua unavyokuwa mchuzi ukiwa sawa na unavyokuwa mchuzi ukiwa umeharibika.

"Acha, mama," Madamu alisema. Alinyoosha mkono akakivuta kibakuli. "Acha, utaumwa."

"Kuna nini humo?" Shefu aliuliza.

Akamgeukia msaidizi wake.

"Mrefu. Nimekuuliza, humo kuna nini?"

"Chumvi, Shefu," Mrefu alisema ndani ya kitambaa. "Badala ya sukari. Yote ya ndani. Nisamehe, nimetumwa."

Shefu alitazama kibakuli chake. Kilikuwa kimebaki cheupe, kimekwanguliwa. Akakiweka kijiko mezani taratibu, akakinyoosha kikae sawa na uma.

"Ningekuuliza tu ungenikatalia," Madamu alisema. "Ungeniambia unanusa. Ningefanyaje? Mwezi uliopita bomba la gesi lilivuja, Mrefu akaingia mbio kufunga. Wewe ulikuwa umesimama palepale, kiberiti mkononi. Nilisema umechoka. Nilisema una mawazo. Shefu, humu huingia watu thelathini kwa usiku mmoja." Akanywa maji. "Sikufukuzi. Kazi ya kumenya na kuosha ipo. Mshahara ni wa mmenyaji, sitakudanganya, ni chini ya nusu ya ulionao. Na mapishi yako nitakuomba umwandikie Mrefu."

"Nani amekwambia?"

"Usiulize hilo."

"Ningeuliza lipi?"

Madamu hakutaja mtu. Aliangalia tu upande, nukta moja, naye Shefu akayafuata macho yake mpaka yalipotua.

*

Walitoka kwa mlango wa buluu kama walivyoingia. Madamu alijaribu kumpa mke wa Shefu kifurushi cha mkate, na mke wa Shefu, kwa kuwa hakujua namna ya kukataa kitu kilichokwisha kufungwa vizuri, akakipokea. Walitembea. Ilikuwa Jumapili ya jua, na watu waliovaa vizuri walipishana nao na kuwaamkia, wakidhani ni wenzao.

Walikuwa wamevuka barabara mbili Shefu alipouliza, "Lini?"

"Wiki iliyopita. Alikuja nyumbani na chupa. Alisema wewe mwizi, anaita polisi."

"Ukamwambia."

"Ningefanya nini, Baba Chiriku? Ningekaa kimya wakuchukue?"

"Bora ungeniacha niwe mwizi."

"Usiseme hivyo."

"Mwizi anafungwa, anatoka, anatafuta jiko lingine. Atasema alisingiziwa. Mimi nitasema nini? Nitakwenda mlango gani nikapika?" Hakuwa amepandisha sauti. Afadhali angeipandisha. "Na leo umenivalisha koti la harusi ukanisindikiza mwenyewe."

"Sikujua! Wallahi sikujua mpaka ile supu."

"Ungeniambia siku ile nisingekuja."

Walipita duka lililofungwa, wakapita lingine. Chumvi ilikuwa imemkausha mkewe mdomo hata maneno yalimwia vigumu.

"Na kiberiti?" aliuliza hatimaye. "Ni kweli ulishika kiberiti?"

Shefu alitembea hatua kumi, kumi na tano.

"Nilishika."

"Gesi imejaa?"

"Mrefu anasema ilijaa. Mimi ningejuaje?"

"Hukuniambia."

"Sikukwambia."

Mkewe akasimama katikati ya njia, kifurushi cha mkate mikononi. Alitaka kumshika mkono, na alitaka kumpiga nacho kile kifurushi, na hakufanya hata moja. Shefu naye alisimama hatua tatu mbele, mgongo umemgeukia, akamngoja mpaka alipofika ubavuni pake. Kisha wakaendelea.

*

Chiriku aliwasikia kwenye ngazi akafungua kabla hawajagonga.

"Haya! Nielezeni. Mmekula nini? Msiruke hata kimoja."

Mama yake alipita moja kwa moja hadi kwenye ndoo ya maji. Alikunywa kikombe kimoja amesimama, akachota cha pili.

Shefu alikaa kwenye kitanda cha mtoto, akaanza kufungua kamba za viatu. Mkewe alidhani atanyamaza. Lakini alisema, "Tulianza na supu." Akamweleza. Akamwambia vitunguu vinavyokuwa vitamu vyenyewe vikivumiliwa, na jibini linavyokata utamu ule, na chumvi inayokuja mwisho kabisa, ukiwa umeshaisahau. Akamwambia siagi ya samaki ilivyonukia kama njugu, na ndimu ilivyoamsha kila kitu. Krimu akaiacha ya mwisho. Ngozi ya sukari ina uchungu kidogo kwa kuungua, alisema, na chini yake baridi, laini, tamu, lakini utamu uliotulia. Chiriku alikuwa amekaa chini, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakukatiza.

Mama mtu alichota kikombe cha tatu.

"Na wewe, Mama? Ulipenda kipi?"

"Vyote," alisema.

"Mbona unakunywa maji hivyo?"

"Jua kali."

Chiriku akarudi kwa baba yake, kwa maana huyu ndiye aliyekuwa na maneno. Shefu alikuwa ameshavua viatu, amevipanga ukutani, koti la harusi amelikunja mapajani.

"Kesho uniamshe saa kumi na moja," alimwambia binti yake. "Wamenyaji huingia saa kumi na mbili."

"Lakini wewe huingia saa tatu."

"Nilikuwa naingia saa tatu."

Mtoto alimtazama baba yake, akamtazama mama yake, na kwa kuwa hakupata jibu kwa huyu wala kwa yule, akachukua kile kifurushi mezani na kuanza kukifungua. Aliukata mkate vipande vitatu. Cha kwanza alimpa baba yake, aliyekipokea, akakishika. Cha pili alimpelekea mama yake pale ndooni.

"Una chumvi ya kutosha?" Shefu aliuliza.

Alikuwa ameuliza kwa mazoea, akitazama sakafu. Mkewe alikimega kile kipande, akakitafuna mpaka kikaisha. Mdomo wake bado ulikuwa umejaa ile krimu, hakusikia chochote kingine.

"Sijui," alimwambia. Na hilo lilikuwa kweli.